Mwalimu Ayoub, Mtu wa Mkunazini

Kaka yetu, Mwalimu Ayoub Mtepa, alizaliwa Nachingwea tarehe 14 Machi 1951. Mama alivuka naye bahari akiwa bado ananyonya, kumfuata baba aliyekuwa akifanya kazi bandarini Malindi, hapa Unguja. Mimi mdogo wake nilizaliwa hapa hapa Mkunazini, na maisha yake yote alinitania kwamba mimi ndiye mwenyeji, yeye mgeni wangu.

Alisoma hapa mjini, akasomea ualimu, na tangu 1974 hadi alipostaafu mwaka 2011 alisomesha historia. Wanafunzi wake wanamkumbuka kwa suruali iliyojaa vumbi la chaki na kwa swali lake moja: "Nani kakwambia?" Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza nani kakwambia.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na Bi Sofia. Wali wa harusi aliusimamia rafiki yake, Mzee Mkubwa, Mtumbatu mwenye duka la vitambaa Mlandege, na ukaungua. Kaka aliusifu mbele ya wageni wote, akaongeza sahani ya pili. Wawili hao walikaa baraza moja kila alasiri, miaka nenda miaka rudi, wakinywa kahawa na kubishana.

Ndipo akaingia kati yao Bwana Dumila, marehemu wa karne nyingi. Wengi mnalijua kaburi lake la kale, njia ya Bwejuu, karibu na msikiti aliojenga, uliobaki kuta mbili. Mwaka 2019 kilitakiwa kuwekwa kibao pale. Wakaja watu wa nchi moja ya ng'ambo, wakasema Dumila ni wao. Wakaja wa nchi ya pili, nao wamekwishamtia kwenye stempu. Mitandaoni wakatukanana watu ambao hata Unguja hawajaiona. Mwalimu alikuwa kwenye kamati ya kuandika kibao, akashikilia liandikwe jina, na chini yake "Amezikwa hapa", basi. Alisema nchi hizo zote hazikuwapo enzi za Dumila, na waliomchimbia kaburi hawakumuuliza pasi.

Mzee Mkubwa naye alisema Dumila ni Mtumbatu. Mwalimu akamuuliza, mbele za watu, "Nani kakwambia?" Mkubwa akapandwa na hasira: "Wewe mtu wa bara, utayajulia wapi ya kwetu?" Kaka alichukua bakora yake akaenda zake. Hawakusemezana tena. Nilimwambia kila mmoja kwamba ni aibu, wazee wazima kununiana kwa ajili ya mtu aliyekufa zamani hizo. Hawakunisikia. Kibao kipo mpaka leo, hakijaandikwa hata neno.

Sukari ilimuanza mwaka 2021, ikafuata figo. Kila alasiri, akiwa kitandani, aliuliza, "Mkubwa hajapita?" Nikimjibu, "Bado, kaka." Inaniuma kulisema hapa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, na Mkubwa alikuwa hajapita.

Jana walifika ndugu zetu wa Nachingwea, wakitaka kumrudisha kwao. Walikuwa na haki yao, na Bi Sofia hakuwa na nguvu za kushindana. Tulikuwa tumeanza kuulizia boti. Mzee Mkubwa akaingia bila kuitwa, akasimama mbele ya baba yetu mdogo aliyewaongoza, akalia kwanza.

"Baba, shikamoo," akasema. "Msimchukue. Huyu wa hapa. Mie ndiye nliyemwambia si wa hapa, na nlisema uongo."

Baba mdogo aliitikia marahaba. Kisha akauliza, "Kaburi atachimba nani?"

"Sisi."

Leo asubuhi Mkubwa na wenziwe wa barazani, Waislamu watupu, ndio walioshika majembe kumchimbia Mkristo. Baba mdogo alishika moja. Udongo mnaouona hapa ni wa mikono yao.

Mwalimu ameacha mjane, Bi Sofia, watoto wawili, Stela na Yohana, wajukuu watano, baba mdogo, na mimi mdogo wake. Mzee Mkubwa ameomba jina lake lisomwe pamoja na ya ndugu, na familia imekubali.

Mungu akupokee, kaka. Lala sasa. Mkubwa kapita.