Waya Ulibaki Nje

Benchi lile lilikuwa mlango. Mlango mzima wa mbao uliobanduliwa kwenye nyumba iliyobomolewa, ukalazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi makufuli, tundu la ufunguo likiwa bado lipo; hapo ndipo watu walipochomeka vijiko vyao vya kahawa. Ng'ambo ya barabara, ghorofani, palikuwa na kliniki ya meno yenye pazia la kijani. Asubuhi hiyo fundi mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kufuli, alikuwa hakaliki. Akikaa anasimama, akisimama anatazama lile pazia, akitazama anakaa tena. Binti yake alikuwa juu kule tangu saa tatu na alimkataza baba yake asimfuate. Mfukoni vidole vya Kufuli vilikuwa vinachezea kipini chembamba cha chuma, kile cha kufungulia makufuli yaliyogoma.

— Kaa bwana, unatumwagia kahawa, alisema Redio, kinyozi wa jirani, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakijawahi kuonekana kitufe cha kumzimia.

— Mtoto yuko kwa daktari.

— Tunajua. Umetuambia mara nne. Anafanywa nini leo?

— Anakaguliwa tu.

Likamtoka haraka mno hilo neno. Mama Kahawa, mwenye birika, akamtupia jicho la upande.

— Hivi vyuma vya meno vya binti yako, mbona havina mipira ya rangi? Mtoto wa dada yangu kila jino lina mpira wake, mwekundu, buluu. Akicheka utadhani arusi.

— Vya huyu wangu havitaki mpira, mama. Kila jino limebandikwa kifungo, na kifungo kina kilango chake. Waya unalazwa ndani, kilango kinateremshwa, tap! Kimeushika. Hakuna cha mpira wala cha kamba.

Hapo Kufuli alisahau wasiwasi wake kidogo. Maana alikipenda kile kidude jamani. Siku daktari alipomwonyesha mfano mkubwa wa plastiki, aliufungua na kuufunga mpaka mgonjwa aliyekuwa anasubiri akakohoa.

— Mmepunjwa, alisema Injinia, fundi baiskeli. Mpira ndio unaovuta jino. Bila mpira linavutwa na nini, na dua?

— Na waya. Waya umepindishwa, unataka kunyooka. Ukinyooka unakwenda na jino. Mpira kazi yake ilikuwa kuushikilia tu.

— Ahaa! Kama waya wa breki! Basi usipobanwa sana unateleza. Unaona? Meno yatakwenda mbio hayo!

— Daktari hakuahidi mbio. Alisema kila mdomo una mwendo wake. Alichosifu ni usafi, chakula hakinasi kwenye mipira.

— Mbio ni hatari, Redio akadakia. Nina mteja wangu, meno yake yalikwenda mbio yakapitiliza. Sasa yanatazama kisogoni.

— Mteja gani huyo?

— Humjui, kahama.

— Na meno yake?

— Yalimtangulia.

Wakacheka, isipokuwa Kufuli. Alikwisha kusimama tena.

— Mimi nilivyosikia, alisema Injinia akiinama mbele, kwenye hivyo vilango wanaweka spidi. Daktari anakaa kwake, anabonyeza, jino linahama.

— Wapi! Mama Kahawa akapunga mkono. Vilango hivyo vinafunguka mtu akisema uongo. Uongo mmoja, kilango kimoja. Ndiyo maana watoto wenye navyo wana adabu.

— Tungewekewa sisi hivyo vilango, alisema Redio, hapa pangevuma upepo tu.

Kikombe kikamponyoka Kufuli, kahawa ikamwagika mpaka kwenye tundu la ufunguo.

— Kulikoni, shemeji? Mama Kahawa aliuliza, sauti imeshuka.

— Mkono tu.

Haukuwa mkono tu. Alfajiri ile binti alikuja na shavu limechubuka. Kilango cha jino la pembeni kimefunguka, waya umetoka unamchoma. Angesubiri kliniki ifunguliwe, yangekuwa yameisha. Lakini Kufuli ni Kufuli. "Tulia mwanangu, milango si ndiyo kazi yangu?" Akakisukuma kilango kwa kipini, kikalia tap, kitamu kabisa. Kutazama vizuri, kilango kimefungwa lakini waya umebaki nje, kama mgeni aliyefungiwa barazani. Akajaribu kukifungua. Hakikufunguka. Miaka ishirini na sita ya makufuli, akashindwa na kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Na si hilo lililomnyima raha. Binti alikwisha kuviharibu vyuma vyake mara mbili kwa kutafuna vitu vigumu, na daktari alisema wazi: ya tatu, vinatolewa. Mtoto aliyekuwa anacheka kafunika mdomo kwa kiganja tangu darasa la pili! Sasa alikuwa ameanza kukisahau hicho kiganja. Naye ndiye aliyemshika baba yake mkono na kumwambia, "Usiseme kitu, baba. Nitasema nimeng'ata mfupa. Watu wakisikia ulishindwa kukifungua, nani atakuletea kufuli lake?"

Na yeye, mtu mzima na ndevu zake, akanyamaza.

— Nasema hivi, Redio alikuwa anaendelea, mwishoni hivyo vilango vinaachwa humo humo, vinageuka jino.

— Vinageuka magego, Injinia akarekebisha.

Mlango wa kliniki ukafunguka. Muuguzi akavuka barabara na kikombe cha daktari mkononi, uso umechoka.

— Mama, nijazie, leo tuna kazi.

Mama Kahawa akainamisha birika. Likatoa matone matatu na machicha.

— Imekwisha, mwanangu. Kazi gani tena?

— Kuna binti juu kule. Kilango kimefungwa kwa nguvu, waya uko nje. Tunakihangaikia nusu saa. Mwenyewe anasema aling'ata mfupa. Muuguzi akawageukia wote. Hebu nyinyi mnaojua kila kitu mniambie. Mfupa unaweza kufungua kilango, sawa. Mfupa gani unaofunga?

Injinia akatazama matofali. Redio alifungua mdomo, akaufunga. Hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo.

— Maana daktari kakasirika, muuguzi aliendelea. Kasema ya tatu hii, leo anavitoa vyote.

Kufuli alikuwa amesimama, na safari hii hakukaa. Akatoa kipini mfukoni, akakiweka kwenye kile kikombe cha daktari. Kikalia.

— Mfupa wenyewe huo hapo, dada. Twende. Nataka kumwambia mwenyewe.

— Wewe, Kufuli? Injinia alishangaa. Ulikifunga wewe?

— Nilikifunga. Kukifungua ndiko kulikonishinda. Katangaze, Redio.

Akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, muuguzi akimkimbilia nyuma. Redio akavuta pumzi aanze.

— Thubutu! alisema Mama Kahawa.

Wakabaki wanaangalia pazia la kijani. Ndipo Injinia alipogeuka akaona kibanda. Makufuli yote yananing'inia ukutani, funguo zote mezani, na mlango Kufuli kauacha wazi.