Kurasa za Dieudonnée Feza Ambazo Hazikuchapwa

Wazee wetu mliotoka Wamaza na Kabambare, majirani wa hapa Kasongo, walimu, wanakwaya, na ninyi vijana mliojaa hadi nje ya ua, familia ya Kalonda inawashukuru kwa kuja, na inaomba usikivu wenu, kwa sababu marehemu alituagiza siku chache kabla ya kutuacha kwamba maisha yake yasomwe jinsi yalivyokuwa, pasipo kuruka jambo na pasipo kumpamba mtu, kuanzia yeye mwenyewe.

Dieudonnée Feza Kalonda alizaliwa Wamaza, katika teritwari ya Kabambare, tarehe 14 Mei 1985, mtoto wa tatu wa mzee Kalonda, mkulima wa mpunga na karanga, na mama Régina, aliyekuwa akiwaimbisha akina mama kanisani hadi sauti ilipomwisha. Alianza shule ya msingi hapo hapo Wamaza mwaka 1991, akajulikana kwa mwandiko mzuri na kwa ulimi mkali, kwani alikuwa akiwasahihisha wenzake hata pale ambapo mwalimu alikuwa ameshawasamehe. Mwaka 1998 vita vilitutawanya, tukaishi porini, baba yetu akafia huko na kuzikwa huko, na Dieudonnée akaletwa Kasongo kwa mjomba wake, ambako alisoma sekondari katika shule ya masista, akapata diplome ya serikali mwezi wa saba 2006, akiwa amechelewa miaka mitatu na akiwa na hasira ya miaka hiyo mitatu, hasira ambayo hakuiacha.

Mwaka 2007 aliajiriwa katika kibanda cha kupiga chapa na fotokopi sokoni Kasongo, akawa anaandika mitihani ya walimu, mialiko ya harusi na matangazo ya vifo, na ni huko alikojifunza peke yake kupanga kurasa kwenye kompyuta, akiuliza kwa nini tangazo moja watu hulisoma hadi mwisho na lingine hulifungia mandazi. Tarehe 8 Agosti 2009 alifunga ndoa na Bwana Sumaili, fundi wa baiskeli, baada ya familia mbili, moja ya Kikristo na nyingine ya Kiislamu, kuvutana karibu mwaka mzima, na Mungu akawajalia watoto wawili, Naomie aliyezaliwa 2010 na Dady aliyezaliwa 2014, ambao wameketi hapa mbele yenu.

Mwaka 2017 Bwana Yves, mtangazaji wa redio aliyekuwa amerudi kutoka Kindu, alimfuata kibandani na wazo la jarida la muziki kwa ajili ya vijana wa shule, naye Dieudonnée akalipatia jarida hilo jina, Rika Letu, akalipatia na sura pia. Kabla ya kupanga ukurasa wowote alikuwa akienda kwenye mlango wa shule na karatasi mbili tofauti, anaziweka juu ya benchi, anakaa pembeni kimya na kuangalia mtoto wa miaka kumi na minne atanyoosha mkono wake wapi, na karatasi iliyoachwa aliichana hapo hapo hata kama ilimchukua wiki nzima. Maneno ya nyimbo aliyaweka kwenye kurasa za katikati, ili kijana aweze kuzichomoa na kuzibandika ukutani, kwa Kiswahili, kwa Kizimba na kwa Kibangubangu, pembeni akaacha nafasi nyeupe ili mwenye jarida aandike maneno yake, na kwenye jalada alikataa kabisa nyota wa Kinshasa, akisema kwamba mtoto wa hapa anapaswa kukutana na uso wa mtu anayeweza kumpita njiani.

Toleo la kwanza lilitoka tarehe 2 Desemba 2017, na la pili, la Aprili 2018, lilikuwa na Olga kwenye jalada, binti wa miaka kumi na mitano, mwimbaji wa kwaya, kinywa kikiwa wazi kabisa na pengo la meno ya mbele likionekana. Olga aliomba kwa machozi iwekwe picha nyingine, ile ambayo alikuwa amefumba midomo, Dieudonnée akakataa, kwa kuwa picha ile ya pili ilikuwa nzuri lakini haikuimba. Toleo lile liliisha Kasongo, likaisha na Kabambare, na tangu siku hiyo wanafunzi walimwita Olga kwa jina la Pango, wakamwita hivyo darasani, sokoni, hata kanisani, na alipokuja ofisini kulia, dada yetu alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta, "Uso wako umeuza gazeti, na kulia hakutaubadilisha." Mwaka uliofuata alimchukua Olga kuwa mwanafunzi wake wa kupanga kurasa, akimfundisha kila alichokijua, na tunafikiri aliona kwamba kwa njia hiyo jambo lile lilikuwa limekwisha.

Mwaka 2020 Dieudonnée alianza kugonga miimo ya milango, akasema anauona ukurasa kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na mwezi wa tano 2021 daktari wa macho huko Bukavu alimweleza kwamba ni presha ya macho, kwamba mishipa iliyokwisha kufa haifufuki, na kwamba kilichobaki nacho kitakwenda. Kufikia Januari 2022 hakuweza tena kutofautisha jarida na meza iliyolibeba, lakini alidai kubaki kazini, akisema kwamba kurasa ziko kichwani mwake na kwamba anachohitaji ni mtu wa kumsomea na mikono ya kutekeleza.

Hapo ndipo mambo yalipofanyika bila yeye kujua. Bwana Sumaili alimwona mke wake akikaa kitandani asubuhi na viatu mikononi, hajui avivalie kwenda wapi siku ambayo watamfukuza, akaingiwa na hofu, akaenda kwa Bwana Yves na kumwomba wamwache aendelee kuamini kwamba anapanga jarida. Bwana Yves alikubali upesi, kwani kurasa zilikuwa zimeshaanza kutengenezwa na kijana mmoja huko Kindu, zikijaa wanamuziki wa Kinshasa, magari yao na ugomvi wa mapenzi yao, na vijana walizinunua. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki Olga aliketi mbele ya dada yetu na karatasi yoyote iliyokuwa karibu, akimsomea, na Dieudonnée, kidole kikitembea hewani, akaagiza kichwa cha habari kipandishwe juu, picha ya mpiga gitaa ipunguzwe, nafasi nyeupe iachwe chini ya shairi, na kila mara Olga alijibu, "Tayari, mama," na hakuna kitu kilichokuwa tayari. Wengine ofisini waliziba vinywa wasicheke, mmoja akawa anamwigiza nyuma ya kiti chake, na jioni mume wake alikuja kumchukua kwa baiskeli, akamuuliza kazi imekwendaje, naye akamsimulia ukurasa kwa ukurasa njia nzima. Mambo hayo yalidumu zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Tarehe 18 Oktoba 2023 shule moja ya sekondari ya Kabambare ilimwalika awaeleze wanafunzi jinsi jarida la vijana linavyotengenezwa, akaenda kwa pikipiki ya kukodi na Bwana Sumaili, kwenye njia mnayoijua, akafika na matope hadi magotini na furaha ambayo hatukuwa tumeiona kwake kwa muda mrefu. Alisimama mbele ya wanafunzi, akainua toleo jipya juu ya kichwa chake, akaanza kueleza jalada, mpiga ngoma wa Wamaza ameinama juu ya ngoma yake, uso haujaonekana wote, na juu yake nafasi tupu, kubwa, kwa sababu sauti ya ngoma inahitaji mahali pa kwenda. Ukumbi ukaanza kunong'ona, kisha ukacheka, akadhani wanacheka kwa sababu ya matope, akaendelea, hadi msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyeitwa Falonne aliposimama na kusema kwa adabu, "Mama, ngoma haiko hapa. Iko picha ya mwanamuke ya Kinshasa, anavaa miwani."

Walimu walitaka kumkalisha yule mtoto, dada yetu akawazuia, akamwomba aje mbele, akampa jarida na kumwambia amsomee yote yaliyomo, kila ukurasa, aseme picha iko wapi na maandishi yako wapi. Falonne alisoma kuanzia jalada hadi mgongo wa jarida, ukumbi ukicheka mwanzoni, baadaye ukinyamaza, na Dieudonnée akawa anasikiliza kichwa kimeinama upande, akiuliza tu, "Na pembeni kuna nini?" na mtoto akijibu kwamba pembeni kuna tangazo, kwa kuwa hapakuwa tena na mahali popote peupe. Haukupatikana ukurasa hata mmoja uliokuwa wake. Alimshukuru mtoto, akawashukuru walimu, akaomba maji ya kunywa.

Njiani, pikipiki iliposimama ili dereva abane mnyororo, alimuuliza mume wake kama alijua.

"Nilijua, Mama Naomie."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mwanzo. Ni miye niliwaomba."

Alipanda tena pikipiki na kumshika mume wake mgongoni kama kawaida, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumshika.

Kesho yake alikwenda ofisini akamuuliza Olga ni nini alichokuwa akimsomea muda wote ule, na Olga, ambaye sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini, alimjibu, "Chochote. Siku zingine nilinyamaza tu, unaendelea wewe mwenyewe." Bwana Yves akaongeza kwamba ingefaa ashukuru, kwa maana vipofu wengi hukaa nyumbani na hakuna anayewasabahi. Dieudonnée alichukua kikombe chake na kitambaa chake, akaondoka, na hasira aliyoshindwa kuimwaga pale aliipeleka nyumbani. Alimlazimisha Bwana Sumaili kumsomea kila jioni, baada ya chakula na mbele ya watoto, matoleo yote ya uongo, picha kwa picha na tangazo kwa tangazo, na pale sauti ya mume ilipokatika alingoja ipone kisha akamrudisha mwanzo wa ukurasa. Mama yetu Régina alimsihi amwonee huruma, akajibu kwamba huruma ndiyo iliyomfikisha hapo alipo. Yalipokwisha yote alianza tena toleo la kwanza, na jambo hilo liliendelea hadi Krismasi, wakati Naomie alipoyachoma magazeti yale jikoni na kupigwa na mama yake kwa ajili hiyo.

Mwezi wa tatu 2024 alirudi Wamaza, akaishi kwa shangazi yetu, na mwalimu mmoja wa huko akamkubalia kufanya pamoja na wanafunzi jarida la ukutani, aliloliita tena Rika Letu. Alipigilia misumari kwenye ubao mpana, akavuta nyuzi za raffia kutoka msumari hadi msumari ili vidole vyake vijue ukurasa unaanzia wapi na unaishia wapi, vijana wakaandika maneno ya nyimbo kwa mkono, wakabandika picha kwa uji wa muhogo, naye akapapasa kila kipande na kukibandua kama kilikaa vibaya, akiwakaripia hadi baadhi walikimbia na kurudi. Kwenye jalada aliweka mpiga ngoma, na kila wiki alimuuliza mtoto tofauti amweleze anachokiona, bila kumwambia kwanza kinachopaswa kuwepo. Bwana Sumaili alikuwa akija kutoka Kasongo kila alipopata nafasi, alilala kwenye chumba cha wageni, na mwezi wa kumi na moja aliruhusiwa kulala chumba kimoja naye.

Mwishoni mwa Machi 2025 alishikwa na homa kali, akapelekwa Kabambare kwa pikipiki akiwa amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa mume wake, na kutoka huko hadi hospitali ya hapa Kasongo, ambako madaktari walikuta malaria imeshashuka kwenye figo. Dieudonnée akiwa kitandani, tarehe 7 Aprili, Bwana Sumaili alipigiwa simu kutoka Wamaza kwamba ubao umeondolewa ukutani, kwa kuwa Bwana Yves alikuwa amepeleka mashitaka kwa wakubwa kwamba jina la Rika Letu ni mali yake, na kwamba ulipoondolewa ulipasuka, vijana wakagawana vipande. Sisi tuliokuwepo tulimvuta nje ya wodi, tukamwambia asimweleze mgonjwa, kwamba amebakiza siku za kuhesabu na hazina haja ya kuchafuliwa. Alitusikiliza sote hadi tukamaliza, akarudi ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumwambia, "Mama Naomie, ule ubao wameuondoa. Umepasuka." Marehemu akauliza ni vipande vingapi vimebaki vizima, akajibiwa kwamba haijulikani, akalia kwa sauti, kilio ambacho wodi nzima ilikisikia na ambacho wengi wetu tulimlaumu Sumaili kwa sababu yake, lakini marehemu hakuuachia mkono wa mume wake. Aliaga dunia tarehe 9 Aprili 2025, saa tano asubuhi, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi dawa zilipoisha, madereva wa pikipiki waliombeba, majirani waliotuletea kuni, maji na mboga ya sombe, walimu na wanafunzi wa Wamaza waliotembea kwa miguu kuja hapa, wakiwa na vile vipande walivyoviokota, tunawaona. Tunamshukuru Bwana Yves kwa sanduku la mazishi, na tunamshukuru Olga aliyekaa na watoto jana kutwa. Kwa heshima tunawaomba wafanyakazi wa jarida walirudishe kwenye katoni toleo maalumu waliloanza kuwagawia watu hapo mlangoni, kwa kuwa picha ya dada yetu kwenye jalada lake imetengenezwa kwenye kompyuta, na macho aliyowekewa si yake.

Dieudonnée, binti Kalonda, Mama Naomie, Mama Dady, pumzika sasa kwa amani ile tuliyoshindwa kukupa.