Mzee Hamimu na Trilobiti za Kabati la Tatu

Tarehe 30 Juni 2004, Mzee Hamimu Chabani atafunga kwa mara ya mwisho mlango wa chumba cha visukuku cha makumbusho yetu ya miamba hapa Bujumbura, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Aliingia mwaka 1971 akiwa mfagiaji. Anatoka akiwa fundi mkuu wa makusanyo, na hakuna kati yetu anayekumbuka siku aliyokosa kuja kazini. Hata siku aliyooa alipitia kwanza hapa kuhakikisha makabati yamefungwa.

Ni mwana wa fundi saa wa mtaa wa Jabe, na kutoka kwa baba yake alirithi kioo cha kukuzia na subira. Alichokipenda kuliko vyote ni trilobiti, wale wanyama wadogo wa bahari ya kale, wenye gamba la sehemu tatu, waliogeuka mawe. Tulikuwa nazo mia mbili na kumi na mbili, tulizoazimwa na chuo kimoja cha Ulaya kwa ajili ya wanafunzi wetu. Zilikuwa za aina mbili, na zilifanana kama mapacha.

Mwaka 1995, vita vya kikabila vilipokuwa vimeugawanya mji mtaa kwa mtaa, Mzee Hamimu alikuwa akitoka kazini kwa miguu pamoja na Dative, msafishaji wetu anayekaa mtaa wa Musaga. Vijana waliofunga barabara wakampekua, wakamkuta na mawe mfukoni, wakamuuliza ni ya nini. Akawaeleza kwamba kazi yake ni kutenganisha vinavyofanana. Mmoja akamnyooshea Dative kidole: basi aseme huyu mama ni kabila gani.

“Mi najua mawe tu, wangu,” alijibu. “Watu apana.”

Kisha mmoja akacheka, wakawaachia wapite. Ni Dative aliyetusimulia haya. Mzee mwenyewe hajawahi kuyataja.

Mwaka uliofuata, mlipuko jirani na jengo letu uliangusha kabati la tatu. Trilobiti zote zikamwagika sakafuni, vikaratasi vya majina vikatawanyika. Chuo kikaandika: zisipotenganishwa upya, zirudishwe, na nyingine hazitakuja. Wanafunzi wetu wangebaki na picha za vitabuni.

Kwa miezi minane Mzee Hamimu alihesabu macho. Jicho la trilobiti limeundwa na vijicho vingi vilivyopangwa kwa safu: aina ya kwanza safu kumi na saba, ya pili kumi na nane. Alipomaliza, mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bi Léocadie, alikiandikia chuo barua ya furaha, nasi tukanywa Fanta.

Asubuhi ambayo barua ilikuwa iende posta, Mzee alisimama mlangoni pa ofisi.

“Madamu, nimekosa. Turudilie.”

“Turudilie nini, Mzee? Barua nimeshaitia sahihi!”

Alikuwa amegundua kwamba safu za macho huongezeka mnyama anapokua. Mtoto wa aina ya pili ana safu pungufu, kwa hiyo hesabu ya Mzee ilikuwa imewatupa watoto wote wa aina hiyo upande usio wao. Alama ya kweli ilikuwa vipele vya kichwani: vikubwa na vichache kwa aina ya kwanza, vidogo na vingi kwa ya pili, tangu utotoni. Angenyamaza, hakuna mtu katika jengo lile ambaye angejua.

Bi Léocadie hakuzungumza naye siku mbili. Siku ya tatu aliichana barua mbele yetu, akaagiza meza ya Mzee isogezwe dirishani, maana vikwazo vya biashara tulivyowekewa na nchi jirani vilikuwa vimeleta uhaba wa kila kitu na umeme ulikatika kila mara. Miezi mitano mingine tulimwona akigeuza kiti chake kulifuata jua. Mawe thelathini na manane yalihama upande. Manne yalimshinda, akayaweka peke yake na kikaratasi: “Sijui.”

Mwaka 1999 mtaalamu wa chuo kile alifika, akazipitia zote kwa siku sita. Hakuhamisha hata moja. Yale manne aliyachunguza asubuhi nzima, kisha akachukua kalamu na kuandika chini ya neno la Mzee: “Hata mimi.” Trilobiti zikabaki Bujumbura, na ziko hapa hadi leo.

Mwezi Julai Mzee Hamimu atakwenda Tanga kwa binti yake Sumaya. Miaka yote hii ameishi na viumbe wa bahari, na bahari yenyewe hajaiona hata siku moja. Ziwa letu, anasema, ni zuri, ila halina chumvi.

Mzee wetu, asante kwa kila jiwe, na kwa siku ile ya mlangoni. Mungu akupe afya, usingizi mtamu na wajukuu wasumbufu. Na utakapoingiza miguu katika maji yale, yaonje kwa niaba yetu sote.

Ernestine Murhula, Sekretarieti