Asukile Mwamfupe, Dereva Aliyezitunza Sauti za Kimondo

Ndugu waombolezaji wa hapa Igawilo, nanyi mliosafiri kutoka Iringa, haya ndiyo maisha ya ndugu yetu Asukile Jailos Mwamfupe. Yameandikwa na dada yake, Tusekile, kwa ridhaa ya mjane na ya mama mzazi. Humu mtasikia alikozaliwa, alivyosoma, kazi aliyoifanya na alivyotutoka. Mtasikia pia habari ya sanduku lake la kaseti, kama zitabaki au zitafutwa, maana tangu juzi jikoni watu hawana neno lingine. Ni afadhali mlisikie hapa mbele ya jeneza kuliko kulipata limetiwa chumvi kisimani.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1938 hapa hapa Igawilo, mtoto wa tatu na wa mwisho wa hayati Mzee Jailos na Mama Ikupa, ambaye tunaye leo. Aliyemtangulia kabisa ni kaka yetu Anania, mzee wa kanisa na kiongozi wa kwaya. Asukile alikuwa mtoto mkimya asiyeharakishwa na mtu. Mama alikuwa akisema, "Huyu ukimtuma chumvi atachelewa, lakini hatamwaga hata chembe." Ndivyo alivyokuwa mpaka mwisho, na waliowahi kumngoja wanajua.

Alianza shule ya misheni mwaka 1946. Kwa kuwa hakuchelewa shule hata siku moja, mwalimu alimkabidhi kazi ya kugonga kengele, nayo ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi. Asukile aliigonga kwa namna ambayo watoto waliingia darasani wakicheza ngoma. Mwalimu akampokonya nyundo, akampa mtoto mwingine asiye na mkono mwepesi, na shule ikarudi kwenye huzuni yake. Mwaka 1951 baba alifariki, na Asukile akaacha masomo akiwa darasa la sita ili ashike jembe.

Mwaka 1955 alipata kazi ya utingo kwenye malori ya barabara ya Iringa, wakati ule barabara ni vumbi kiangazi na tope masika. Alipata leseni mwaka 1961, na mwaka 1963 akaajiriwa udereva wa basi la abiria kati ya Mbeya na Iringa. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tano bila kupindua gari wala kuua mtu. Kuku wa Makambako hatuwahesabu, kila dereva anawajua.

Ni kazi hiyo iliyompatia mke. Mwaka 1965, pale Ipogolo kabla ya kuanza kupanda mlima kuingia mjini, binti mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua alimsogelea dirishani akamwuliza, "We dereva, hiyo honi unawaita abiria au unapiga muziki?" Asukile akajibu, "Wewe umesikia kipi?" Binti akasema, "Nimesikia usumbufu." Huyo ndiye mjane wetu, Juliana Kalinga. Walifunga ndoa tarehe 22 Oktoba 1966 katika Kanisa Katoliki huko kwao. Wazee wetu wa Kimoravian walinuna kutwa, wakakunjua nyuso pilau ilipoletwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Andendekisye, Jailos na Tekla.

Sasa tufike kwenye kaseti.

Mwaka 1973 marehemu alirudi kutoka Tunduma na redio kaseti, ile ya kurekodi. Sisi ndugu zake tulikuwa tunangoja mabati ya nyumba. Tulisema mengi siku ile, na mabati yalikuja baadaye kama alivyoahidi, kwa mwendo wake. Wakati huo kulikuwa na bendi ya vijana wa Mbozi na Mbeya iliyoitwa Kimondo. Hawa hawakupiga dansi la kawaida. Walipiga roki, kwa magitaa ya umeme, kwa nguvu ambayo mtu mzima aliisikia tumboni. Walizunguka kumbi za kusini hii yote, na Asukile, kila basi lake lilipolala mji waliopo, aliingia na redio yake ndani ya kikapu, akasimama karibu na spika, akabonyeza.

Kwa kazi yake hiyo ya kwenda na kurudi, kaseti zikaanza kusafiri. Iringa alikuwako Bartolomeo, fundi cherehani wa Ipogolo. Mbeya alikuwako Ezekia, fundi wa karakana ya reli. Na katikati, Usangu, alikuwako Masunga, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, ambaye alikuwa akisimama barabarani Chimala na kibuyu kikavu mkononi. Abiria walidhani ni maziwa. Zilikuwa kaseti, amezitia humo zisile vumbi. Mtu alimwuliza kama kweli muziki ule anauelewa, akasema, "Mimi sijui. Ng'ombe wangu wanaupenda. Gitaa likilia, wanarudi zizini wenyewe."

Marehemu alikuwa na mapumziko Jumatatu, na siku hiyo nyumba yake ilijaa. Wenyewe walijiita Kamati ya Jumatatu. Walikaa kwenye mabenchi, redio juu ya kigoda, na sheria ilikuwa moja: hakuna kusema mpaka upande uishe. Ukiisha, hapo ndipo jirani walipofunga madirisha. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza mkutano ule ni wa nini na kibali kiko wapi. Asukile akamwambia, "Tunajadili gitaa, balozi. Kaa." Balozi alikaa, na Jumatatu iliyofuata alikuja na kiti chake.

Ubishi mkubwa ulikuwa kati ya onyesho la Iringa la tarehe 19 Julai 1975 na la Mbeya la tarehe 9 Oktoba 1976. Ezekia alisema la Mbeya ndilo, kwa sababu humo gitaa linasema mpaka linachoka na halichoki. Bartolomeo alisema mtu anayependa la Mbeya anapenda mashine, hapendi watu. Nao wanaume wazima walirudi makwao hawasemeshani, mpaka Jumatatu nyingine.

Katika kaseti ya Iringa kuna jambo ambalo wengi mnalijua. Juliana alikwenda ukumbini na Tekla mgongoni, mtoto wa miezi minane. Katikati ya wimbo Tekla akaanza kulia, na pale pale gitaa linapotaka kuingia, sauti ya marehemu inasikika wazi: "Juliana, mnyonyeshe mtoto, gitaa linakuja." Bartolomeo alijaribu mara moja kutoa nakala iliyo safi, isiyo na maneno hayo. Waliikataa wote. Masunga aliirudisha kwa basi la siku ileile na ujumbe kwamba hiyo siyo ya Iringa, hajui ni ya wapi.

Na nakala zenyewe zilikuwa nakala. Waliweka redio mbili zikitazamana, moja inaimba, nyingine inarekodi, na kila kilichopita njiani kiliingia. Nakala ya tatu ilikuwa na majogoo wengi kuliko magitaa. Kwa hiyo sauti yenyewe, iliyo kamili, ilikuwa sehemu moja tu, nayo ni sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda cha Asukile. Bendi ya Kimondo ilivunjika mwaka 1977, vyombo vikatawanyika, na haikuwahi kutoa sahani ya santuri hata moja. Mwenye kuelewa ameelewa.

Ugonjwa ulimwanza Septemba 1978 kwa miguu kuvimba. Daktari alisema ni moyo. Aliliachia basi Novemba, na mwezi Juni mwaka huu, hali ilipozidi, Juliana alimpeleka hospitali ya misheni ya Tosamaganga, karibu na kwao, alikohudumiwa vizuri. Ndugu zake wa damu na wa Kamati walipokezana kwenda kumwona.

Mwezi Julai alikwenda kaka Anania. Hali ya maduka mnaijua, tangu vita kaseti tupu haionekani Mbeya wala Iringa, na kwaya yetu inatakiwa kupeleka nyimbo redioni. Anania alimwomba mdogo wake kaseti zile, zifutwe, kwaya irekodi juu yake. Juliana alikuwapo na maneno haya ni yake. Asukile akasema, "Kaka, kwaya yako itaimba Jumapili hii, na ile nyingine, na ile nyingine. Kimondo hawaimbi tena."

Anania akasema, "Nyimbo za Mungu na kelele zile, kipi kitangulie?"

Asukile akajibu, "Mungu ana waimbaji wazima, kaka. Aniachie mimi hawa." Anania alimwombea, akaondoka.

Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 6 Agosti 1979, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Madereva wenzake walimleta nyumbani Jumanne, na kila kituo kuanzia Ipogolo mpaka Uyole walipiga honi moja fupi. Jumanne hiyohiyo, wakati wanawake tuko jikoni, lile sanduku lilihamishwa kwenda chumba cha kwaya. Tuliambiwa ni kwa usalama. Jana asubuhi ikajulikana kwamba kaseti moja, ya onyesho la Makambako la mwaka 1974, imekwisha kufutwa. Juu yake kuna mazoezi ya sauti ya pili. Ezekia alipoambiwa alikwenda nyuma ya banda la ng'ombe na hakuna aliyemfuata.

Jana mchana ukoo ulikaa kikao pamoja na wale wa Kamati, na waliokuwapo wataniruhusu niyaandike kama yalivyosemwa. Anania alisema, "Mimi sina ugomvi. Kwaya haina kaseti, dukani hamna, hizi zipo. Kigumu ni kipi?"

Juliana akasema, "Kigumu ni kwamba si zako, shemeji."

Hapo mimi, dada wa marehemu, nilikumbusha desturi ya nyumba hii, kwamba mali ya marehemu huonwa na wafiwa wote kabla haijatajiwa mwenyewe. Koti limeonwa, jembe limeonwa, hata godoro limetandikwa uani watu wakaliona. Kaseti bado.

Anania akalileta sanduku kutoka chumba cha kwaya, akasema, "Zimo sandukuni. Fungua, mtu azione."

Nikamwambia, "Kaseti haionwi kwa macho, kaka."

Mama Ikupa alisema neno moja: "Wekeni."

Ezekia ndiye aliyechagua. Mtu aliyeitetea ya Mbeya miaka yote hii alifungua sanduku, akatoa ya Iringa, upande wa pili. Bartolomeo akamwambia, "Leo umekubali?" Ezekia akajibu, "Leo nimefiwa. Usinichokoze."

Wazee walivumilia. Bibi mmoja alijifunika kitenge masikioni. Anania alikaa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja mvua ipite. Kisha, katikati ya wimbo, magitaa yakazimika yote kwa pamoja. Umeme ulikuwa umekatika ukumbini, na redio ya Asukile, kwa kuwa ilitumia betri, ikaendelea. Ikabaki ngoma peke yake. Halafu wale watu gizani wakaushika wimbo wenyewe. Wanawake juu, wengine wakawafuata chini yao, na kutoka nyuma ikaingia sauti nzito ya wanaume, taratibu, ikaubeba wimbo wote. Hawakuuacha ushuke mpaka umeme uliporudi, na magitaa yalipoingia yaliwakuta palepale.

Anania aliinua kichwa. "Rudisha," akasema. Ezekia akarudisha. "Tena. Hapo wanapoingia wa chini." Akarudisha tena. Kidole cha Anania kilikuwa kinapiga gotini. Akauliza, "Nani aliwafundisha sauti nne hawa?"

Bartolomeo akasema, "Hakuna, mzee. Umeme ulikatika."

"Na hao wa chini ni akina nani?"

"Wapakuzi wa malori, wengi wao. Walikuwa wamesimama karibu na mlango."

Anania alikaa kimya mpaka upande ukaisha. Wale wa Kamati nao walikaa kimya, kwa sheria yao. Kisha akasema, "Miaka kumi na miwili nawafundisha watu kuungana hivyo, na madaftari ninayo." Akasimama, akaifunga kaseti mwenyewe ndani ya gamba lake, akaiweka sandukuni, akalichukua sanduku lote akalipeleka miguuni pa Juliana. Akasema, "Hizi zisifutwe. Ile ya Makambako mnisamehe." Juliana akamwambia, "Kaa ule, shemeji." Huo ndio msamaha wenyewe, na asiulizwe mtu tena.

Basi na itangazwe mbele ya mashahidi: sanduku ni la Juliana na wanawe, na halitoki nyumbani kwake. Anayetaka kusikiliza aje Jumatatu. Anayetaka nakala aje na redio yake na betri zake, na majogoo awaache kwake. Ile kaseti ya Makambako haiwezi kurudi kuwa ilivyokuwa. Kwa hiyo, kwa ombi la Anania, leo itawekwa kwenye redio ya marehemu hapa kaburini, na Ezekia atarekodi juu yake kwaya na ninyi nyote mnaomzika. Wenye kukohoa wakae nyuma. Wenye sauti ya chini wasijifiche mlangoni.

Marehemu ameacha mama yake, Ikupa, mjane, Juliana, watoto, Andendekisye, Jailos na Tekla, kaka yake, Anania, dada yake, Tusekile, wakwe na mashemeji wa Ipogolo, madereva wenzake, na Kamati ya Jumatatu, iliyofika yote, pamoja na Masunga aliyewaacha ng'ombe wake kwa siku tatu, jambo ambalo Msukuma halifanyi kwa mtu yeyote tu.

Asukile mwana wa Jailos, umetufikisha wengi salama. Bwana akupokee nawe, upate utulivu na amani kwake.