Damu ya Ukoo wa Nani?

Bwana asifiwe. Na ndugu zangu Waislamu mliokuja kutusikiliza, salaam aleikum. Wazee, shikamooni. Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa upole. Nitajitahidi, lakini hasira yangu haijaisha, na sioni sababu ya kumficha Mungu kitu anachokijua.

Mimi ni mtu wa Kinyangiri, nimeolewa hapa Issuna. Binti yangu wa kwanza alikuwa akigongwa kidogo tu anavimba na kubaki na alama nyeusi. Damu ikimtoka puani, tunabadilisha vitambaa mpaka jua linazama. Ukweni wakasema ni mkosi nimekuja nao. Wakasema mbele ya majirani kwamba damu ya watu wa kwetu ni maji. Niliendelea kufua vile vitambaa. Mke mgeni atajibu nini?

Mwaka mmoja, msimu wa upepo, mtoto akakohoa sana. Mnajua huku kwetu kikohozi kinasingiziwa nini. Kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni wanasema kimerefuka, kikatwe. Mimi niko shamba navuna alizeti, huku nyuma wakamwita mkataji. Hawakuniuliza. Nimemzaa mimi, lakini koo lake likawa mali ya ukoo.

Niliporudi nilimkuta amekaa juu ya gunia, anatema damu kwenye beseni. Mkataji alishaondoka zake. Kesho yake asubuhi bado anatema, midomo imekuwa myeupe, na wazee wamekaa kikao. Kikao cha nini? Cha kuamua kwamba niende kwetu nikalete mbuzi mweusi wa kutoa mkosi, ndipo mtoto apelekwe hospitali. Mtoto anakwisha, watu wazima wanachagua rangi ya mbuzi.

Aliyesimama ni wifi yangu. Mnamjua, yule aliyeachika, ambaye siku zake zikifika hatoki ndani. Wanaume msiiname, tunaongea mambo ya uhai. Wifi hakuomba ruhusa. Alimfunga mtoto mgongoni akamwambia mume wangu, "Kaka, washa pikipiki. Mbuzi mtamtafuta tukisharudi."

Tukapanda mshikaki, wote wanne juu ya pikipiki moja, mpaka Singida mjini. Wakamwongezea damu. Daktari akauliza kama kwenye ukoo kuna mwingine anayetoka damu sana. Mume wangu akanigeukia mimi, kama kawaida. Nikawapitia ndugu zangu wote kichwani, sikumpata hata mmoja.

Wifi akasema taratibu, "Ni mimi, daktari. Tangu nilipovunja ungo. Na mama, kila akijifungua walikaribia kumpoteza."

Tukapimwa wote, na mama mkwe naye akaitwa, sampuli zikapelekwa hospitali kubwa. Majibu yalipokuja, daktari akatueleza kwa lugha yetu. Alisema kwenye damu kuna protini inayoisaidia damu kushika kwenye kidonda, kama kinyesi cha ng'ombe kinavyousaidia udongo kushika ukutani. Kila mtu anarithi kwa baba na kwa mama maelekezo ya kuitengeneza, na hayo ndiyo vinasaba. Maelekezo yakiwa na kasoro, hata ya upande mmoja tu, protini inaweza kuwa pungufu. Tena kasoro ileile haiwapigi wote sawasawa. Mmoja anateseka, mwingine anazeeka bila kujua. Protini yangu ilikuwa ya kutosha. Ya mtoto ilikuwa pungufu, na ya mume wangu pia. Ya wifi ni pungufu, na ya mama mkwe pia ni pungufu.

Basi tukarudi nyumbani, nikangoja. Nilidhani nitaitiwa kikao kama kile cha mbuzi. Hakuna. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, hivyo ni vinasaba tu, ni kazi ya Mungu."

Ndugu zangu, nawaambia, ilipokuwa yangu iliitwa mkosi, ilipokuwa yao ikawa kazi ya Mungu. Na Mungu ni huyohuyo mmoja.

Mama mkwe yuko hapa. Asubuhi nilimwamkia nikamwambia nitayasema haya. Simchukii, maana naye alitoka damu miaka yote bila mtu kumuuliza. Lakini msamaha hajaniomba, na hilo nalisema.

Nawashukuru wauguzi, na yule nisiyemjua ambaye damu yake iko mwilini mwa mwanangu. Leo binti anasoma darasa la nne. Walimu wake wanajua hali yake, na hang'olewi jino kabla daktari hajaambiwa. Mtoto akikohoa mpelekeni zahanati, achaneni na vimeo. Na akitoka damu isiyokatika, ulizeni kwa baba na kwa mama, msimrukie mwanamke aliyetoka mbali.

La mwisho. Wifi yangu amekaa kule nyuma karibu na mlango. Mlimwita mvivu, mkasema anakwepa jembe, kumbe kila mwezi alikuwa anaishiwa damu na bado anatutekea maji. Mumewe alimrudisha, na sisi tukanyamaza. Mtoto wangu yu hai kwa sababu yake. Mpisheni aje akae hapa mbele. Mimi siketi mpaka yeye aketi.