Kibanda cha Viganja Ishirini na Vitano

Jumatano ya tarehe 8 Desemba 2021, Mwalimu Miriam Kendi alirudisha funguo za Darasa la Pili baada ya miaka ishirini na miwili katika shule yetu ya msingi ya Kiyahudi, jirani na mtaa wa Kensington. Shule ilishamuaga kwa Kiingereza na keki. Leo, hapa mtaani Seven Hills, ni zamu yetu sisi Waafrika Mashariki wa mji huu, tunaomwita Dada Miriam. Mimi Omollo, fundi wa majengo wa shule hiyo, nimepewa kazi ya kuandika kwa sababu eti namfahamu kuliko wote. Haya basi.

Alifika mwaka 2000, Mmeru wa kanisa la Methodist asiyejua hata herufi moja ya Kiebrania. Siku hizo mafundisho ya dini yalikuwa na saa yake na hesabu saa yake, na watoto walikuwa wamesahau yote mawili ifikapo chakula cha mchana. Dada Miriam akamfuata rabi wa shule na daftari mkononi, akamuuliza kila sikukuu ina nini cha kupima, kusoma na kuandika. Walikaa mchana kutwa.

Jibu lililompendeza zaidi ni Sikukuu ya Vibanda, Wayahudi wanapokula siku saba ndani ya kibanda kilichoezekwa kwa matawi. Vipimo vyake kisheria huhesabiwa kwa upana wa kiganja cha mkono. Basi watoto wakasoma sheria, wakapima, kisha wakaandika barua za kualika wageni, maana ni desturi kibanda kiwe na wageni.

Mwaka ule wa kwanza watoto waliamua kuta ziwe na kimo cha viganja ishirini na vitano, wakaniletea kamba waliyoipima. Nikakata mbao kwa kuifuata, bila kufikiri. Lo! Vilikuwa viganja vya watoto wa miaka saba. Rabi aliingia amejikunja, na mkuu wa shule akanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Dada Miriam alicheka hadi machozi, kisha akawauliza watoto kosa liko wapi, na hapo ndipo walipoelewa sentimita ni za nini. Tangu siku hiyo ikawa viganja kwanza, rula baadaye.

Ikaja korona. Katikati ya 2021 mtaa wa Granville, anakoishi, ilikuwa kati ya sehemu zilizofungwa vikali, na masomo yakahamia kwenye Zoom. Wakubwa wakamwomba, bila ubaya wowote, aweke kibanda kando mwaka huo, kwanza hesabu na kusoma. Mpole wetu huyu akawajibu: "Kibanda ndicho hesabu yenyewe."

Wakamwachia. Kila mtoto akachora kiganja chake kwenye karatasi, akakikata, akapima nacho meza, mlango, hata mbwa. Lakini sikukuu ilipita Septemba kila mtu akiwa kwenye skrini yake. Dada Miriam alinipigia simu akilia. Lile lilikuwa darasa lake la mwisho, na angestaafu bila kuketi nalo kibandani hata mara moja.

Shule ilipofunguliwa mwishoni mwa Oktoba, watoto wale walinijia karakanani na kamba. Nikawaambia ni fupi. Wakanitazama kwa huruma, kama mtu aliyechelewa kuelewa. Rabi naye alisema sikukuu imekwisha, hiki si kibanda cha ibada, ni somo la hesabu, wajenge tu. Basi nikakata mbao kwa kamba yao.

Siku ya mwisho Dada Miriam alikuta barua mezani. Naitafsiri kama ilivyo: "Mwalimu, tunakualika kwenye kibanda chetu. Tumekipima kwa viganja vyetu, kwa hiyo itabidi uiname. Tumekuwekea nafasi katikati."

Aliinama, akaingia, akaketi chini katikati yao. Hakutoka hadi kengele ya mwisho, nami sikuwa na haraka ya kukibomoa.

Asante, Dada Miriam, kwa watoto wote hao, na kwa kumvumilia fundi asiyejua kuuliza kiganja ni cha nani. Pumzika vizuri, uwe na afya njema, na utukumbuke. Milango yetu iko wazi kwako siku zote, na mbao zake nilizikata kwa rula.