Mama Mwaga Afunga Dirisha la Dawa

Baada ya miaka thelathini na minne kwenye dirisha la dawa la kituo chetu hapa Kiritiri, Bi. Ciakuthii anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Wagonjwa wengi hawajui hata jina lake. Wanamjua kama Mama Mwaga.

Jina hilo alijipatia mwenyewe. Hakuna aliyepewa kidonge kabla ya kumwaga mezani kila dawa anayotumia, ya hospitali, ya dukani na ya miti shamba. Wapo waliozificha kwenye soksi. Lo! Aliwavua na soksi.

Mzee Njagi, mfuga mbuzi, ndiye shahidi mkuu. Alikuwa akipepesuka njiani mpaka kanisa likaanza kumwombea aache pombe, na maskini hajaonja hata tone. Alipomwaga, zikatoka dawa za presha za rangi mbili, nyeupe za kwetu na nyekundu za Embu mjini. Majina mawili, dawa ileile, naye alikuwa akizimeza zote kwa uaminifu. Juu yake aliongeza vidonge vya sukari vya mkewe, eti ndoa ni kusaidiana. Bi. Ciakuthii alimpeleka kwa daktari, zikabaki za aina moja. Kanisa lilimwomba radhi.

Nasi wenzake hatukupona. Mimi Lennox niliwahi kumwaga mkoba wangu mbele ya foleni nzima kwa kosa la kupiga chafya.

Lakini mganga hajigangi. Machi mwaka huu alianza kuyumba pale dirishani, akasingizia jua. Nani angethubutu kumwuliza? Ni Mzee Njagi, aliyekuwa kwenye foleni, aliyegonga kaunta kwa fimbo na kumwamuru amwage. Mkobani zikatoka dawa za goti za aina tatu: za Embu, za Makutano alikokwenda kumwona bintiye Kinya, na za rafiki wa kwaya. Majina matatu, dawa ileile! Daktari alisema tumbo lilikuwa limeanza kutoka damu, na kwamba wiki moja zaidi tungekuwa tunaandika wasifu wa namna nyingine. Tuliogopa sana, tusifiche.

Siku aliyorudi baada ya kutibiwa, alipanga foleni kama wengine, akamwaga.

Bi. Ciakuthii, asante kwa kutusumbua na kutuokoa. Tunakutakia pumziko jema na mfuko mwepesi. Kliniki yako ni Jumanne, na dirishani nitakuwa mimi. Ukifika, vua na soksi.